Mlenda Upande wa Kulia

Maji ya Mtera yanawasha Dodoma.
Nyaya zinapita juu ya bati letu zikivuma kama nyuki,
hazisimami.
Chini yake, usiku, mitumbwi inapapasa.

Kuna miti iliyofunikwa na bwawa
ikafa wima, na bado iko wima,
kama wanafunzi walionyoosha vidole
mwalimu akaondoka.
Kuna viboko. Kuna mamba.
Lakini Mbeleje hakuuawa na mti, wala kiboko, wala mamba.
Aliuawa na jirani yake Masinjisa,
mtu wa kuazimana chumvi,
ambaye usiku ule naye alikuwa amezima tochi
kwa kuogopa doria.
Giza likalipiga giza ubavuni.

Redio ya Mbeleje ilikuwa kwangu, imeshapona.
Elfu mbili, nimeandika kwenye daftari.
Sijapata mkono wa kuifuta.

Mimi Sechelela, fundi wa redio na simu,
kibanda cha tatu ukivuka daraja,
nilichukua kioo cha taa ya nyuma ya pikipiki: chekundu.
Nikakata chupa ya soda: kijani.
Nyeupe niliipata bure, nyeupe haina mwenyewe.
Betri nikazitoa kwenye redio ile.
Mjane alikuwa amekaa hapo, ananitazama.
"Kumbe zilikuwa bado nzima?"
Nzima, mama.
Akaangalia barabarani, lori la vitunguu likapita, likaisha.

Chilewa ndiye wa kwanza kukubali kufungiwa.
"Sasa nitakumbukaje ipi inakaa wapi?"
Mkono wako wa kulia unakula nini?
"Ugali wa uwele."
Kwa mboga gani?
"Mlenda."
Mlenda una rangi gani? Akacheka.
Haya. Kijani kulia.
Na kushoto ndio mkono unaoshika shingo ya kuku
kisu kikipita.
Hakucheka. Nyekundu kushoto.
Nyeupe nyuma kabisa, waione unaowapa mgongo.

"Mbona hazimuliki? Sioni hata kasia langu."
Hazikuwekwa uone, Chilewa. Zimewekwa uonekane.
"Basi doria nao wataniona."
Watakuona. Watakutoza faini, utauza mbuzi,
utanitukana mpaka krismasi.
Mtumbwi wa mwenzako hautoi risiti.

Wakaja wengine, mmoja mmoja,
kama watu wanaokwenda kupima ugonjwa.
Wawili walitaka rangi za timu yao, nikawafukuza.
Mmoja alifunga kinyume, nyekundu kulia,
nusura atuue watu tukiwa tumeshafurahi.
Jioni moja akaja Masinjisa,
akakaa kwenye kreti, akashika kofia.
Hakusema anataka nini.
Nilimfungia zake tatu.
Hakuuliza bei, na mimi sikuitaja.

Siku hizi wakiondoka naona nyeupe tu,
punje ya uwele,
halafu nusu ya punje.
Narudisha mlango wa kibanda bila komeo.
Baridi ya Julai hapa haina adabu,
inaingia mpaka kwenye meno,
nami nashuka na kanga mbili mpaka maji yanapoanza.

Nyekundu ikija peke yake, huyo anapita,
anakwenda zake kushoto kwangu.
Kijani peke yake, anakwenda kulia.
Nawahesabu wote, hata wasio wetu.

Mpaka alfajiri, kule kwenye miti,
zinachomoza mbili kwa pamoja,
na mlenda umehamia kushoto kwangu,
kama kwa mtu aliyekaa ng'ambo ya sahani.
Kanuni niliifundisha mwenyewe:
ukiziona zote mbili, anakujia wewe,
pisha.

Zinakuja. Zinakua.
Sijasogea.